Aliyenuna Ni Mimi

Nyamizi mwanangu,

Umetoka saa saba kwenda kusukwa, na kwa hizo rasta ndogondogo ulizozichagua sikutegemei kabla ya saa kumi na mbili. Vizuri. Nimefuta meza, nimechukua daftari lako la kidato cha nne lililobaki kurasa nyingi nyeupe, nimekaa. Tangu Jumapili nimejaribu mara nne kukuambia jambo hili kwa mdomo, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umeweka sweta.

Sweta weka, Mbeya kuna baridi. Mambo mengine ya safari na ya chuo sitayaandika, maana unayajua na yale usiyoyajua utawauliza wenzako, na wao watakujibu vibaya, na utaishi tu. Mimi nilikwenda Urambo kufanya kazi nikiwa sijui hata kupika ugali wa watu kumi, na sikufa.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kuona wivu. Usicheke. Najua umecheka, na najua ulivyocheka: umeinua bega la kushoto kwanza, halafu ndiyo sauti ikatoka. Hilo bega si langu wala si la marehemu baba yako. Ni la mama yako mdogo Kalunde, na kwa miaka kumi na minne kila ukicheka mbele yangu nimekuwa nikiliona na moyo unanichoma. Unakumbuka siku ulipocheka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikakukemea mbele ya wenzako kwamba msichana hachezeshi mabega? Uliniomba msamaha kwa kitu ambacho hukukijua. Basi nilikuwa sikukemei wewe.

Niseme tangu mwanzo, maana nyumba hii haijawahi kukusimulia sawasawa.

Baba yako alipofariki ulikuwa hujafikisha mwaka na nusu. Nikapata kazi Urambo, kupanga tumbaku kwa madaraja, tunalala wanawake sita chumba kimoja, na moshi na vumbi la tumbaku si kitu cha mtoto kuvuta. Kalunde ndiye aliyesema, “Dada, niachie mtoto. Ukijipanga utakuja kumchukua.” Yeye alikuwa ameolewa Ipole, na mumewe mfuga nyuki, nyumba ina hewa na maziwa. Nikakuacha. Nilidhani ni msimu mmoja. Ikawa misimu mitatu na zaidi. Nilikuja kukutazama mara chache, na kila nikija unanishangaa, nikiondoka hulii. Nilijiambia mtoto mwenye afya ndivyo alivyo.

Nilipopata chumba hapa Tabora, mtaa huu wa Cheyo, na cherehani yangu mwenyewe, nikaja kukuchukua. Ulikuwa na miaka mitano. Nilikushonea gauni la njano lenye mikono ya puto, nikanunua biskuti, nikashuka kwenye basi pale Ipole nikiwa najiona kama bibi harusi. Kalunde alikuwa uani anachuja asali. Wewe uliponiona ukakimbia ukajificha nyuma ya khanga yake, ukamwuliza, nakumbuka kila neno:

“Mama, huyu mgeni analala hapa?”

Kalunde hakusita. Alikushika kichwa akakugeuza unitazame. “Msalimie. Huyu ndiye mama yako. Mimi ni mama mdogo.”

“Shikamoo, mgeni,” ukasema.

Sina la kumlaumu kwa siku ile. Alikufungia nguo zako, akakuogesha, akakuvalisha gauni langu la njano ingawa lilikubana kwapani, maana nilikata kwa kipimo cha mtoto niliyemkumbuka. Alitusindikiza mpaka barabarani. Ulilia kutoka Ipole mpaka Sikonge bila kupumzika, abiria wakanitazama kana kwamba nimekuiba. Pale Sikonge nikakununulia karanga, ukanyamaza kidogo, ukaniuliza, “Mama atakuja kesho?”

Nikakujibu, “Mama mdogo amenuna. Hataki kutuona.”

Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa sijalipanga. Lakini lilipotoka nililiona linafaa, kwa sababu uliacha kulia. Ulitazama dirishani, ukaanza kufikiri umefanya kosa gani.

Sasa nisikilize. Mtu akinuna, wote tunajua alivyo. Mdomo unavimba, macho hayakutani na yako, ukimuuliza una nini anajibu “sina kitu,” na anataka ukae ubembeleze mpaka ujue mwenyewe. Kununa ni kusema bila kusema. Kalunde hajawahi kununa maisha yake yote. Akikasirika anapiga kelele mpaka jirani wanatoka, halafu baada ya dakika tano anakuletea uji. Aliyenuna ni mimi. Nilinuna kuanzia uani kwake, nikanuna barabarani, nikapanda basi nimenuna, na kwa kuwa sikutaka kuona uso wangu mwenyewe, nikamvalisha yeye.

Kwa nini sikusema tu kwamba naona wivu? Nimelifikiria sana hili, hasa tangu barua ya chuo ilipokuja. Kwetu kuona wivu kunaruhusiwa kwa watu wachache. Mume akiona wivu juu ya mkewe, watu husema anampenda. Mtoto mdogo akizaliwa, yule mkubwa akaanza kulia ovyo na kutaka kubebwa, wote tunacheka, tunasema, “Anaona wivu huyo, mpakate.” Na anapakatwa, na yanaisha. Lakini mwanamke mzima aseme anaona wivu kwa mdogo wake? Hapo watasema ana kijicho, ana roho mbaya, na kesho kuku wa jirani akifa watakutazama wewe. Basi tunasema mengine. Tunasema “nimechoka.” Tunasema “namhofia mtoto.” Mimi nilisema yote hayo, na watu walinihurumia sana, na hakuna aliyenipakata kwa lile lililonisumbua.

Babu zetu wa hapa walikuwa wapagazi, umefundishwa shuleni. Wamebeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi, na wengine wakichukua njia hiyohiyo ya kusini inayopita Ipole. Mtu anaondoka mtoto anatambaa, anarudi mtoto anachunga mbuzi na anamwita baba mtu mwingine. Nimesikia hadithi nyingi za wapagazi tangu nikiwa mdogo, za vitambaa na chumvi na simba. Sijasikia hata moja ya mpagazi aliyetua mzigo mlangoni, mwanawe asimjue, na yeye akasema ameumia. Lazima walikuwapo. Wamekufa nalo.

Kuna jambo kubwa zaidi, na mkono wangu hautaki kuliandika.

Kwa watu wa nyuki, kila mwenye mzinga ana alama yake. Anaichonga kwa kisu kwenye gome la mzinga kabla haujapandishwa mtini, na hata mtu akiukuta porini peke yake anajua ni wa nani, haugusi. Ulipokuwa na miaka minne Kalunde alikupa mzinga wako. Akakuambia uchague alama, ukamwonyesha unyayo wa kuku aliyepita uani: mistari mitatu, imekutana nyuma. Hiyo ndiyo ikachongwa. Na kwao mtoto akipewa mzinga, sega la kwanza la kila mavuno ni lake, hata kama yuko mbali, hata kama ameolewa. Haliuzwi na haligawiwi mpaka yeye aonje.

Unachora mguu wa kuku pembeni mwa kila daftari lako. Hata katika hili ninaloandikia umo, ukurasa wa pili. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza umeutoa wapi mchoro ule, nikakwambia watoto wote huchora kuku.

Kila mwaka baada ya mvua kuisha, Kalunde alikupelekea asali ya mzinga wako. Aliitia kwenye kidumu, akachora alama yako juu ya kifuniko kwa msumari, akampa kondakta wa basi, naye akanipigia simu nikaifuate stendi. Kila mwaka, Nyamizi, hakuruka hata mmoja. Na mimi kila mwaka nilikichukua kile kidumu, nikamimina asali kwenye chupa za maji, nikachoma kifuniko kwenye jiko la mkaa. Nikakuwekea mezani nikasema nimenunua sokoni. Ulikuwa unapaka kwenye mkate na kusema, “Mama, huyu muuza asali wako usimwache, asali yake haina mfano.” Ulisema hivyo mwaka jana pia. Nilijibu, “Sawa,” nikaenda nje kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Nilikuacha ule sega lako mwenyewe bila kujua ni lako. Sikuwa na moyo wa kukunyima, na sikuwa na moyo wa kukwambia. Nilitaka utamu ubaki na mwenyewe apotee.

Alikuja hapa mara moja. Ulikuwa darasa la sita. Alipiga simu akiwa tayari yupo stendi, nikakutuma haraka kwenye mazoezi ya kwaya ingawa yalikuwa hayajaanza. Akaingia, amechakaa na vumbi, ana kuku wawili mkononi.

“Mwangaluka, dada.”

“Mwangaluka. Karibu.”

Akakaa mkekani, akatazama ukutani picha yako ya ubatizo, akatazama viatu vyako pale mlangoni. Alivichukua akavipima kwa kiganja. “Amekuwa na mguu mkubwa,” akasema. “Yuko wapi?”

“Amesafiri na wenzake wa shule.”

“Na madaftari yake yapo hapa?”

Nikammiminia chai. Akanywa nusu, akaweka kikombe chini, akasema kwa upole kabisa, “Dada, mimi sikukunyang'anya mtoto. Ulinipa nimtunze nikamtunza. Sasa kama unaona wivu, sema. Mimi ni mdogo wako, sitakucheka.”

Unajua nilimjibu nini? Nilisimama, nikasema, “Mimi? Mimi nikuonee wivu wewe? Una nini wewe cha kuonewa wivu?” Naye hana mtoto, Nyamizi. Mungu hakumjalia. Nililijua hilo nilipokuwa nikilisema, na nililisema kwa sababu nililijua.

Hakupiga kelele siku ile. Alifunga khanga yake, akaacha kuku, akaondoka. Uliporudi ulikuta vikombe viwili ukaniuliza nani alikuja, nikasema mgeni wa jirani. Kuku tuliwala Jumapili. Na hata baada ya hapo, mvua zilipoisha, kidumu kilikuja.

Haya ndiyo niliyoyafanya. Sasa nitakwambia yalivyokufanya wewe, maana nimekutazama nikiyaona. Mtu akinyamaza kidogo tu karibu nawe, unahangaika. Unauliza, “Nimekukosea?” Unauliza tena. Rafiki yako asipojibu ujumbe mpaka jioni, huli vizuri. Mwalimu akipita bila kukusalimia, unarudi nyumbani unakumbuka ulichosema wiki nzima. Watu wanasema Nyamizi ana adabu, Nyamizi anajali. Mimi najua ilikoanzia. Ilianzia Sikonge, kwenye kiti cha basi, na karanga mkononi, ulipoambiwa kwamba mtu anaweza kukupenda miaka yote ya kumbukumbu zako halafu asubuhi moja akanuna bila sababu, na asirudi. Kalunde hakukuacha. Nisamehe. Nikikaa hapa nikaandika nisamehe kurasa tatu hazitatosha, kwa hiyo naliandika mara moja na naliacha hapo.

Nilidhani ukienda chuo yatakwisha yenyewe. Halafu mwezi uliopita Kalunde akapiga simu. Sijui nani alimwambia habari zako, pengine hao hao makondakta, maana wanamjua kuliko mimi. Akasema, “Dada, nasikia mtoto anakwenda Mbeya. Basi la Mbeya linapita hapa kwangu. Nitasimama tu barabarani. Sitamwita. Niambie siku, nitazame dirisha.”

Nikamwambia nitamjulisha. Kesho yake nikavaa nikaenda stendi kukukatia tiketi ya kupitia Singida.

Ndiyo. Singida, halafu Dodoma, halafu Iringa, uizunguke nchi nusu nzima usipite mbele ya mwanamke aliyeomba kutazama dirisha. Wewe uliponiuliza nikasema barabara ya Ipole mbovu. Ina lami mpaka Ipole kwenyewe. Kijana wa tiketi alinitazama akasema, “Mama, Mbeya kwa Singida? Mwanao anakwenda kusoma au kutalii?” Wenzake wakacheka. Mimi nikawaka, nikamwambia afanye kazi yake. Akashika kalamu akaniuliza jina la abiria, nikatamka “Nyamizi,” nikamwacha na kalamu yake. Nikakaa kwenye benchi pale, katikati ya mabegi ya watu na magunia ya karanga, mtu mzima, nikaona wivu waziwazi kwa mara ya kwanza bila kuupa jina jingine. Nilimwonea Kalunde wivu kwa miaka ile mitatu na nusu. Nilimwonea wivu kwa nyimbo zako za kwanza, kwa bega lako, kwa mguu wa kuku. Niliwaonea wivu mpaka wasichana utakaokaa nao chumba kimoja huko Mbeya, ambao sijawaona na labda wanakoroma. Niliona kwamba ukiondoka nitabaki na hii nyumba na wivu wangu, na hakuna mtu wa kumfichia.

Leo asubuhi ulipokwenda kuchota maji nilimpigia. Nilisema kabla hajanisalimia, nisije nikageuza. Nikasema, “Kalunde, naona wivu. Nimeona wivu tangu siku ile uani.”

Akasema, “Na mimi, dada. Kila siku. Uliondoka na gauni la njano nikachukia njano mpaka leo.” Akaanza kucheka, nikajua bega limepanda. Nikacheka na mimi, halafu wote wawili tukalia kama watoto na dakika zikaisha.

Usidhani yamekwisha. Naandika hapa na bado namwonea wivu. Nikimfikiria anakupokea begi, natamani niwahi mimi kulishika. Tofauti ni kwamba sasa nimelisema na paa halijaanguka. Na wewe huko uendako, ukiona wivu, na utaona, kwa mwanaume au kwa mwenzako aliyefaulu zaidi, tafuta mtu mmoja umwambie hivyo hivyo lilivyo. Mimi nipo. Nipigie hata kama wivu wenyewe ni juu yangu.

Ile tiketi ya Singida nimeirudisha stendi, na chini ya mto wako kuna tiketi mbili. Ya kesho inaishia Ipole. Ya pili ni ya kutoka Ipole mpaka Mbeya, ya Jumamosi, na chuo kinafungua Jumatatu, kwa hiyo hutachelewa. Karibu na begi lako kuna kidumu cha mwaka huu. Sikukimimina. Kiangalie kifuniko kwanza kabla hujauliza chochote.

Sikumwambia Kalunde kwamba utashuka. Nimemwambia siku na saa tu. Atakuwa amesimama barabarani kutazama dirisha kama alivyoomba, na wewe ndiye utakayeamua kama utabaki dirishani. Ukisoma haya ukanikasirikia, kasirika. Njoo chumbani kwangu upige kelele, majirani wasikie, nimestahili. Usinune tu. Tumenuna vya kutosha katika ukoo huu.

Lakini ukishuka, usimwite mama mdogo. Mwite vile ulivyokuwa ukimwita kabla ya gauni la njano. Nitajua, maana atanipigia simu kunitambia, namfahamu, na mimi nitaona wivu siku nzima, na nitamwambia.

Nasikia unaongea na jirani pale nje, rasta zimekwisha. Nenda salama, mwanangu.

Mimi,
mama yako wa Cheyo